UKOO MMOJA, DAMU MBILI: Mzazi humrithisha nini mtoto wake?



Katika ziara zetu za sharika na mitaa ya Masasi na Newala, swali moja hurudi kila tunapofika, ingawa huulizwa kwa maneno tofauti. Mama huuliza kwa nini mtoto wake wa pili analia mifupa kila mara wakati wa kwanza ni mzima. Baba huuliza kama ulevi wa kijana wake umetoka kwa wajomba zake. Mjane huuliza kama watoto wake wana haki katika mikorosho aliyopanda marehemu baba yao. Yote haya ni swali moja: mzazi humpa mtoto nini, na humpa kwa njia gani?

Katika somo hili tunazitazama njia tatu: damu, malezi na mali. Wengi wetu huzichanganya. Jambo la damu tunalifanya kosa la mtu, na jambo la malezi tunasema ni damu, hivyo haliwezi kubadilika. Jambo la mali nalo tunaliacha mpaka siku ya msiba. Kwa sababu hiyo ndoa huvunjika, watoto wanaoweza kutibiwa hawafikishwi hospitali, na yatima hubaki bila shamba. Tunaomba kila kamati ilisome somo hili pamoja na kulijadili.

1. UKOO NI WA MAMA, DAMU NI YA WOTE WAWILI

Wamakonde, Wamakua na Wayao wa huku kwetu huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa katika mambo yake. Utaratibu huu una hekima yake: mama habaki mgeni kati ya watu wasio ndugu zake, na mtoto hakosi kwao hata ndoa ya wazazi ikivunjika.

Hata hivyo damu haifuati hesabu ya ukoo. Ndani ya karibu kila chembe hai ya mwili wa mtoto mna kromosomu 46. Kati ya hizo, 23 zimetoka katika yai la mama na 23 katika mbegu ya baba. Kromosomu hubeba jeni, yaani maagizo ya urithi yanayoelekeza mwili ujengwe namna gani. Kwa karibu kila jeni mtoto ana nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Ipo sehemu ndogo sana inayotoka kwa mama peke yake, yaani jeni 37 zilizo katika mitokondria, ambazo ni kama vinu vya nguvu vya chembe hai. Lakini jeni zote za binadamu ni kama 20,000, na hizo nyingine karibu zote hugawanywa sawa kwa sawa. Ukoo ni mmoja, lakini damu ni mbili.

Hata jinsia ya mtoto hutegemea mbegu ya baba. Yai la mama daima hubeba kromosomu ya X. Mbegu ya baba hubeba X au Y. Ikiwa X mtoto ni wa kike, ikiwa Y ni wa kiume. Mwanamume anayemlaumu mkewe kwa kuzaa watoto wa jinsia moja anamlaumu mtu asiyehusika, na yeye mwenyewe hakuchagua.

Wakulima wa korosho watalielewa jambo hili upesi. Ukipanda mbegu ya mkorosho unaozaa sana, huna uhakika kwamba mche utakuwa kama mama yake, kwa sababu ua lake huenda lilichavushwa na mti mwingine. Ndiyo maana watafiti wa Naliendele, Mtwara, wanahimiza miche iliyobebeshwa, ambayo huchukua tabia za mti mmoja uliochaguliwa. Lakini mtoto habebeshwi. Kila mtoto ni mchanganyiko mpya, na watoto wa tumbo moja hutofautiana kwa sura, urefu na afya.

2. SELIMUNDU: UGONJWA USIO NA MKOSAJI

Mfano ulio wazi kuliko yote ni selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Tanzania ni kati ya nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu duniani. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Kwa mgonjwa, chembe nyekundu za damu hupinda zikawa na umbo la mundu, zikaziba mishipa midogo na kufa mapema. Mtoto hupata maumivu makali ya mifupa, kuvimba vidole vya mikono na miguu, macho ya manjano, upungufu wa damu na homa za mara kwa mara. Kwa kawaida dalili hazionekani katika miezi ya mwanzo, kwa sababu damu aliyotoka nayo tumboni bado inamlinda. Mtoto aliyekuwa mnene na mchangamfu akianza kuumwa ghafla, watu husema amelogwa.

Ukweli ni huu. Mtu mwenye nakala moja ya jeni ya selimundu ni mzima, amebeba tu. Anaweza kuishi mpaka uzee bila kujua. Wabebaji wawili wakioana, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne za kupata mbebaji kama wao, na moja kati ya nne ya kupata mtoto asiye na jeni hiyo kabisa. Tunasisitiza maneno “kila mimba”. Wapo wanaodhani kwamba wakishapata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa salama. Hesabu haiendi hivyo. Kila mimba huanza upya.

Kwa hiyo mtoto mgonjwa amepokea nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Hakuna anayeweza kusema ugonjwa umetoka ukoo ule. Katika vijiji vyetu tumewaona akina mama walioachwa kwa sababu ya mtoto wa namna hii, na akina baba walioambiwa na wakwe kwamba wameleta mkosi. Wote wamehukumiwa kwa jambo ambalo hawakulitenda.

Kwa nini jeni hii ni nyingi kwetu? Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya utafiti wake wa Afrika Mashariki. Alionyesha kwamba mtu mwenye nakala moja ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa vizazi vingi watoto wabebaji walipona malaria kuliko wenzao, wakakua na kuzaa, na jeni ikaenea mahali penye mbu wengi. Jeni iliyowalinda mababu zetu ndiyo inayowaumiza baadhi ya wajukuu. Haina uhusiano na laana.

Ugonjwa huu una matunzo. Mtoto akigundulika mapema hupewa dawa ya kuzuia maambukizi, chanjo zote, foliki asidi, chandarua, na kwa ushauri wa daktari dawa ya haidroksiyurea ambayo hupunguza vipindi vya maumivu. Hospitali ya Taifa Muhimbili na chuo chake wamekuwa na mpango maalumu wa selimundu tangu mwaka 2004. Jambo moja linatuhusu sana sisi wa Newala: mtoto huyu anahitaji kunywa maji mengi kila siku, kwa kuwa upungufu wa maji mwilini huamsha maumivu. Katika uwanda ambao mama amezoea kuhesabu ndoo, tangi la kuvunia mvua ni sehemu ya matibabu.

3. UALBINO NA NDOA ZA BINAMU

Ualbino hurithiwa kwa njia ile ile. Baba mweusi na mama mweusi, kila mmoja akiwa amebeba nakala moja ya jeni hiyo, wanaweza kupata mtoto mwenye ualbino. Hii haithibitishi kwamba mama alitoka nje ya ndoa, wala kwamba kuna mzimu. Mtoto huyu ana akili kama wenzake. Anachohitaji ni kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, kiti cha mbele darasani kwa ajili ya macho yake, na ulinzi wetu. Tunajua jinsi ndugu zetu wenye ualbino walivyouawa nchini kwa sababu ya ushirikina. Kila mara tunaponyamaza mtu anaposema watoto hawa si watu wa kawaida, tunawapa nguvu wauaji.

Hapa inafaa kusema juu ya ndoa za binamu. Kwa jamii inayohesabu ukoo kwa mama, mtoto wa mjomba ni wa ukoo mwingine, yaani ukoo wa mama yake. Kwa sababu hiyo wengi wameona hakuna kizuizi cha kumwoa. Kwa hesabu ya ukoo wako sahihi, lakini kwa hesabu ya damu, mabinamu wa kwanza wana wastani wa thumni moja ya jeni zao kwa pamoja, kutoka kwa babu na bibi wale wale. Jeni iliyojificha katika familia hupata nafasi kubwa zaidi ya kukutana na mwenzake. Hatusemi kila ndoa ya namna hii italeta mtoto mgonjwa, nyingi hazileti. Tunasema wahusika wajue na wapime kabla.

4. VITU VINAVYOFANANA NA URITHI, LAKINI SI URITHI

Mambo mengine hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto bila kupitia katika jeni. Virusi vya Ukimwi ni maambukizi. Bila kinga yoyote, hatari ya mama kumwambukiza mtoto katika mimba, uzazi na kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45. Mama akitumia dawa ipasavyo, hatari hiyo hushuka chini ya asilimia 5. Mama anayesema “wangu atakuwa nao tu, ni damu yangu” anahitaji kuambiwa habari hii njema.

Vivyo hivyo pombe. Mama mjamzito anywapo uraka au gongo, pombe humfikia mtoto tumboni na inaweza kudhuru ubongo wake maisha yote. Udumavu nao huonekana kama urithi. Watu husema, “Sisi wa ukoo huu ni wafupi.” Inawezekana. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, na sababu kubwa ni lishe duni na magonjwa katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba mpaka miaka miwili. Tunauza korosho, kunde na mayai, kisha tunamlisha mtoto ugali wa muhogo peke yake. Hiyo si jeni.

5. MALEZI: MTOTO HUJIFUNZA KWA MACHO

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Walisema pia kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Methali hizi mbili hazikubaliani, na kila mzazi lazima achague ataishi kwa ipi.

Ni kweli kwamba baadhi ya mielekeo, hata ule wa kuzama katika pombe, ina sehemu ya kurithi. Lakini mwelekeo si hukumu. Mkorosho wa aina bora usipopaliliwa, usipopogolewa na kupuliziwa dawa ya ubwiriunga, hutoa kidogo; na mti wa kawaida ukitunzwa humlisha mwenye nao. Mtoto wa mlevi anayekua katika nyumba isiyo na pombe, akiwa karibu na mtu mzima anayemjali, anaweza kabisa kuwa mtu mwingine.

Tufikirie msimu wa korosho. Malipo ya mnada yanapoingia kupitia vyama vya msingi, mtoto huangalia. Akiona baba na mama wameketi pamoja, wakatenga ada, chakula, salfa ya mwaka ujao na sadaka, amejifunza hesabu ya maisha bila darasa. Akiona fedha zinaishia kilabuni na mama anapigwa anapouliza, amejifunza hilo pia. Mtoto anayetolewa shuleni kuokota korosho hujifunza kwamba shule ni kitu cha kusubiri.

Huku kwetu malezi si ya baba na mama peke yao. Mjomba, bibi na walimu wa jando na unyago wana sehemu yao. Askofu Vincent Lucas wa Kanisa Anglikana, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, hakuifuta jando. Alijaribu kuipa maudhui ya Kikristo. Si wote waliokubaliana naye, lakini swali lake bado ni letu: katika mafunzo haya tunawafundisha watoto nini, katika umri gani, na kwa muda gani wa masomo? Heshima, usafi na kazi vina nafasi. Kumwambia binti wa miaka 10 kwamba sasa yuko tayari kwa mwanamume hakuna nafasi.

Biblia nayo ina mfano unaofaa uwanda huu. Katika barua yake ya pili kwa Timotheo, sura ya kwanza, Paulo anaitaja imani iliyokaa kwanza kwa bibi Loisi, kisha kwa mama Eunike, kisha kwa Timotheo. Huo ni urithi wa upande wa mama. Sayansi inaongeza jambo la kushangaza: mayai ya mtoto wa kike huanza kuumbwa akiwa bado tumboni. Yai lililokuwa wewe lilianza ndani ya mama yako alipokuwa tumboni mwa bibi yako. Tunapomlisha vizuri mama mjamzito anayetarajia binti, tunawatunza watu wa vizazi vitatu.

6. MALI: KINACHOBAKI TUKIONDOKA

Zamani mali ya mwanamume ilielekea kwa watoto wa dada yake. Utaratibu huo ulifaa wakati mashamba yalikuwa ya muda na mjomba ndiye mlezi. Mkorosho umebadilisha mambo. Ni mti wa miaka mingi. Baba huupanda pamoja na mke na watoto wake, na wao ndio huufagilia na kuuokotea. Baba akifariki, wapwa huja wakiwa na hoja ya ukoo, na watoto wakiwa na hoja ya jasho. Kwa jirani zetu Waislamu iko pia sheria ya mirathi ya dini yao. Bila maandishi, msiba hugeuka kesi.

Sheria za nchi zinasaidia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki na kutumia ardhi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto sehemu ya haki katika mali ya mzazi wake. Na tusisahau mabinti wa Selofehadi katika Hesabu sura ya 27, waliosimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao asiyekuwa na mtoto wa kiume. Walisikilizwa, wakapewa.

Tunashauri kila kaya ifanye mambo manne mtu angali hai na mwenye afya:

(a) Kuandikisha vizazi na kupata vyeti vya watoto wote.
(b) Kuomba Hati ya Hakimiliki ya Kimila yenye majina ya mume na mke, kijiji kikishapimwa.
(c) Kuandika wosia wenye tarehe na saini, mbele ya mashahidi wa ndani na nje ya ukoo ambao si warithi, na kuuhifadhi mahali salama, kama RITA au benki. Muulizeni msaidizi wa kisheria idadi ya mashahidi inayotakiwa kwa mtu asiyejua kusoma.
(d) Kumwita mjomba na ndugu wa pande zote na kuwaeleza kilichoamuliwa. Mjomba aliyeshirikishwa mapema huwa mlinzi wa watoto. Aliyefichwa huwa mdai.

7. KAZI YA KAMATI ZA SHARIKA

Tunaomba kila kamati ichague angalau mambo mawili ya kuanza nayo:

- Wachumba wote wanaofika kwa mafundisho ya ndoa waelezwe juu ya kipimo cha selimundu, na wasindikizwe hospitali wakikubali. Majibu ni siri yao. Kanisa halivunji uchumba kwa sababu ya majibu. Linawasaidia kuamua wakijua.
- Mwinjilisti au mzee wa kanisa atembelee kaya zenye mtoto mwenye selimundu au ualbino, na kuangalia maji, chandarua, dawa na shule.
- Idara ya Wanawake iandae somo la lishe kwa wajawazito, na akina baba waalikwe.
- Kabla ya msimu wa korosho, iwepo siku moja ya wosia, pamoja na msaidizi wa kisheria.

Maswali ya majadiliano:

1. Katika usharika wetu, mtoto akizaliwa na ugonjwa, nani hulaumiwa kwanza? Kwa nini?
2. Ni tabia zipi tunazoziita damu, kumbe ni mazoea ya nyumba?
3. Je, mjomba anaweza kuwa na nafasi gani ya heshima katika mirathi bila watoto kupoteza shamba?
4. Someni Yohana sura ya 9. Wanafunzi walitaka kujua kama aliyetenda dhambi ni yule kipofu au wazazi wake. Yesu alijibuje, na jibu lake linabadilisha nini kijijini kwetu?

Kwa rafiki zetu mnaochangia kazi hii: fedha zenu zinapojenga tangi la maji, kulipa nauli ya mama kwenda kliniki au kumleta msaidizi wa kisheria kijijini, zinagusa njia hizi tatu kwa pamoja. Tunawashukuru, na tunawaomba muendelee kutuuliza maswali kama wanakamati wetu wanavyotuuliza.

Hakuna mzazi aliyechagua jeni anazompa mtoto, kwa hiyo asilaumiwe wala asimlaumu mwenzake. Malezi na mali viko mikononi mwetu. Mfano tunaowaonyesha watoto leo, chakula tunachowapa, na karatasi tunayoisaini kabla ya kuugua, hivyo tunavichagua wenyewe, baba na mama kwa pamoja.